Barua kwa Neema, kuhusu vyeti vyake

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mgongo wake umetulia, na mahindi ya shamba la chini tumeshayavuna. Uliponiambia kwenye simu kwamba ile kazi ya uhasibu umeiacha kabla hata ya kupeleka makaratasi, nilinyamaza. Nakujibu leo.

Najua unachokihofia. Ulipozaliwa tulikuandikisha mvulana, na wewe ni mwanamke. Cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kina jina la zamani na alama ya mwanamume, kitambulisho vilevile, na atakayeingia mlangoni ni wewe na gauni lako. Watadhani umebeba vyeti vya mtu mwingine. Tangu yule wakala wa kutoa pesa akishike kitambulisho chako na kuwaita watu waje wakutazame, hela zako unazipokea kwa laini ya mama yako. Mtu mzima, mwenye shahada! Hilo linaniuma kuliko yote.

Jina linabadilishika, Neema. Wakili anaandika hati ya kubadilisha jina, unatia sahihi, anayekufahamu anakula kiapo kwamba anakujua, hati inasajiliwa, kisha tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mimi mzazi sheria ilinipa miaka miwili tu, tangu uzazi wako uliposajiliwa, kulibadilisha jina lako daftarini. Muda huo uliisha hujaanza hata kusema sawasawa, kwa hiyo sasa ni lazima uanze wewe mwenyewe. Lakini kiapo, kama wakili atakubali cha mzazi, nitakula mimi. Jina la ukoo usiliondoe. Babu yako alikupenda.

Penye jinsia ndipo pagumu. Sheria ya Usajili wa Watu inataka jinsia iandikwe, na hakuna mahali palipowekwa utaratibu wa mtu kama wewe kuibadilisha. Kwa sababu hiyo kila karani anajitungia wake: huyu anataka barua ya daktari, yule anataka amri ya mahakama, mwingine anakuambia urudi wiki ijayo akitumaini hutarudi. Hata kuhesabiwa hamjahesabiwa. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ikapata 1,524, na nilifurahi kwa ajili yao, ila wewe si huntha, na safu yako haikuwepo. Wanaokwambia hujajitahidi vya kutosha hawajui wanachosema. Kosa ni la waliotunga sheria wakaliacha pengo hilo.

Lakini msome Audrey Mbugua, Mkenya aliyeandikwa mwanamume kama wewe, naye ni mwanamke. Alifanya KCSE mwaka wa 2001 kwa jina la kiume, akapata A ya kutoa (A-). Baraza la Mitihani lilipokataa kumbadilishia cheti, alikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru apewe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsia. Jaji aliona kwamba kanuni za vyeti hazilazimishi alama hiyo iwepo, na kwamba kuiondoa hakupunguzi chochote katika matokeo ya mtahiniwa.

Nilisoma hayo nikasimama. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote ya ualimu, na sijawahi kuuliza aliyekokotoa hesabu ile ni mvulana au msichana kabla ya kumpa alama zake. Alama ni za kichwa na jasho. Wewe ulisoma kwa taa ya mafuta ule mwaka stima ilipokatwa, nilikuwepo. Cheti kile ni chako, na hakuna ofisi yenye haki ya kukufanya ukionee haya.

Kwa hiyo tufanye hivi. Tuanze na jina, halafu kitambulisho kifuate jina, halafu cheti, tukiwa na hukumu ile mkononi. Jinsia kwenye kitambulisho tutaidai pia, hata ikibidi mahakamani, ila isikuzuie kuanza. Pesa za wakili zipo, nimemuuza yule fahali, na mama yako ndiye aliyesema auzwe. Kila karani akikupa jibu, mwombe aliandike na kulipiga muhuri. Akikataa, andika wewe tarehe na alichosema.

Njoo Jumamosi na cheti cha kuzaliwa, kile halisi, si nakala. Na kazi nyingine ikitokea kabla ya hapo, usiikatae mpaka tuzungumze. Nitakwenda nawe hadi mezani kwao, na wakiuliza huyu ni nani, nitawajibu mimi.

Baba yako