Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Nyumba ikiuzwa, kodi tuliyokwisha lipa inakwenda wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kutoka Mwanga, Manispaa ya Kigoma Ujiji, nikiwa mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ambaye sasa ametakiwa kuhama ndani ya siku saba kwa sababu nyumba imeuzwa.

Habari ya kuuzwa haikutoka kwa mwenye nyumba. Niliisikia kwa fundi aliyekuja na dalali kupima uani, akatueleza kwamba vyumba vyetu vitavunjwa ili zijengwe fremu za maduka. Mnunuzi alipofika mwenyewe alisema amenunua nyumba, hakununua wapangaji. Mwenye nyumba wa zamani naye anasema fedha alikwisha itumia na kwamba wa kuulizwa sasa ni mnunuzi. Hakuna kati yao anayekana kuwa nililipa, maana daftari lenye saini ninalo, lakini hakuna aliye tayari kunirudishia hata shilingi. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama anayeuza dagaa na mwenye mtoto wa darasa la saba, amekwisha hamia kwa ndugu zake Ujiji baada ya kuambiwa kwamba bati litaezuliwa yeye akiwa ndani.

Mheshimiwa, sisemi kwamba mtu asiuze mali yake. Ninachouliza ni kwa nini mauzo yamfute mpangaji kana kwamba hakuwahi kuwepo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka mpangishaji amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu bila kubughudhiwa, na pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, inataka notisi isiyopungua kipindi kinacholipiwa kodi. Kwa kadiri ninavyoisoma, aliyelipa kwa miezi sita hawezi kupewa siku saba. Nilipolieleza hilo katika ofisi moja ya hapa mjini, nilijibiwa niende Baraza la Ardhi na Nyumba nikafungue shauri. Haki ya kufungua shauri ninaijua, na huenda nitaitumia, lakini shauri halisikilizwi na kuamuliwa ndani ya siku saba, na vyombo vyangu vikishatolewa nje, ushindi wa baadaye hautanirudishia chumba.

Zamani ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, ambayo wenye nyumba wengi waliilalamikia, pengine kwa haki, lakini chini yake mpangaji hakutolewa nje kwa neno la mnunuzi. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo tumeahidiwa sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani shughuli za kujenga, kuuza na kupangisha nyumba, na ahadi hiyo imepokezanwa na viongozi wa wizara yako huku sisi tukiendelea kulipa kwa mkupuo na kuhamishwa kwa wiki. Nadhani hali itazidi kuwa ngumu hapa kwetu, kwa kuwa tangu mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma uliposainiwa Desemba 2022, madalali wamekuwa wengi mitaani na nyumba za zamani zenye wapangaji ndizo zinazotafutwa.

Ombi langu ni moja. Toa mwongozo kwamba mkataba wowote wa mauziano ya nyumba hautashuhudiwa wala kugongwa mhuri, iwe na serikali ya mtaa, wakili au ofisi ya ardhi, mpaka uoneshe wapangaji waliomo, kodi waliyolipa na tarehe inapokwisha, na kwamba mnunuzi anawapokea hadi tarehe hiyo au kodi yao iliyobaki inakatwa katika bei na kurudishwa kwao kabla hawajahama. Jambo hili si gumu, kwa sababu mnunuzi hukagua hati, mipaka na deni la kodi ya ardhi kabla ya kutoa fedha. Akague na watu wanaoishi ndani. Sheria kubwa ya milki tutaendelea kuisubiri kama mtaona bado haijawa tayari, lakini mwongozo huu, Mheshimiwa, tunauomba sasa, kabla ya nyumba nyingine kuuzwa na wapangaji wake wakiwa ndani na kodi yao ikiwa imelipwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, Mwanga, Kigoma