Uamuzi wa Austin: usahihi wake hautoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu wamekuwa wakiuendesha tangu usiku wa tarehe 19 Oktoba 2024, siku ambayo timu ya Georgia ilikwenda Austin kucheza na Texas na kuondoka na ushindi wa pointi 30 kwa 15. Mjadala wenyewe hauhusu matokeo, maana Georgia walishinda na hakuna anayewadai ushindi huo. Unahusu dakika chache za robo ya tatu, ambapo waamuzi walitoa adhabu, wakaitangaza, kisha wakaifuta baada ya mashabiki kurusha chupa na takataka uwanjani.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuutazama mchezo huo, tukio lilikuwa hivi. Georgia walikuwa mbele kwa pointi 23 kwa 8 na mpira ulikuwa wao. Carson Beck, mrusha pasi wa Georgia, alirusha pasi kumtafuta mwenzake Arian Smith, lakini mlinzi wa Texas, Jahdae Barron, akaunyaka mpira huo na kukimbia nao mpaka karibu kabisa na mstari wa goli wa Georgia. Kitambaa cha njano kilikuwa kimekwisha kuanguka: mwamuzi aliona kwamba Barron alimzuia mpokeaji kinyume cha sheria. Kosa hilo likithibitishwa, mnyako unafutika, mpira unabaki kwa timu iliyokuwa ikishambulia, nayo inasogezwa mbele kwa umbali usiozidi yadi 15 na kupewa majaribio mapya, yaani nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10. Adhabu ilipotangazwa, chupa zikaanza kumiminika kutoka majukwaani, na mchezo ukasimama. Kocha wa Texas, Steve Sarkisian, alilazimika kuwaendea mashabiki wake mwenyewe na kuwasihi waache. Wakati nyasi zinasafishwa, waamuzi walikusanyika na kuzungumza, na mazungumzo yao yalipokwisha adhabu ikawa haipo tena. Texas wakapewa mpira pale Barron alipofikia, na muda mfupi baadaye wakafunga, tofauti ikabaki pointi 8.

Wanaoutetea uamuzi huo wa pili wanasema jambo moja tu, nalo ni kwamba ulikuwa sahihi. Nami nakubaliana nao. Nimeitazama picha ya tukio lile mara nyingi, na sioni kosa la Barron. Naona wachezaji wawili wanaouendea mpira mmoja, kila mmoja kwa haki yake, na aliyeufikia kwanza ni mlinzi. Ligi ya SEC, ambamo timu zote mbili hucheza, nayo katika taarifa yake ya siku iliyofuata, ilisema kwamba waamuzi wanaruhusiwa kushauriana na kwamba tathmini ya kwanza haikufanywa sawasawa. Kwa hiyo shabiki wa Georgia anayeendelea kubishana kwamba Barron alicheza rafu anapoteza nguvu zake katika hoja dhaifu, ilhali hoja yake nzito ameiacha pembeni. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Waamuzi wa futiboli hawazuiwi kubadili mawazo. Kila wiki tunaona kitambaa kikirushwa, kisha mwamuzi mwingine aliyekuwa na nafasi bora ya kuona anamfuata mwenzake, wanazungumza kwa sekunde chache, na kitambaa kinaokotwa. Utaratibu huu ni mzuri, na ni wajibu wao, kwa kuwa uwanja ni mpana na hakuna jozi moja ya macho inayoweza kuuona wote. Lakini mashauriano hayo yana wakati wake. Yanafanyika kabla adhabu haijatangazwa, au mara tu baada ya kutangazwa, wakati kila mmoja wao bado anashikilia kile alichokiona kwa macho yake na hajapata kingine cha kuongeza. Austin haikuwa hivyo. Adhabu ilikuwa imetangazwa, na kama majukwaa yangekuwa na adabu, jaribio lililofuata lingeanza katika muda wa kawaida na Georgia wangeendelea na mpira wao. Kilichowapa waamuzi nafasi ya kufikiri upya ni fujo. Kirby Smart, kocha wa Georgia, alilisema hili baada ya mchezo: kwamba sasa imeonekana kuwa ukirusha vitu uwanjani na kuwahatarisha wachezaji, uamuzi unaweza kubadilika. Wapo waliomwona kuwa analalamika ilhali ameshinda. Mimi naona kwamba ushindi wake ndio ulioyapa maneno yale uzito, kwa sababu hakuwa akitafuta kisingizio.

Lipo jambo jingine ambalo wengi katika mjadala huu wanalipita haraka. Katika futiboli ya vyuo vikuu, swali la kama mlinzi alimkosea mpokeaji haliko miongoni mwa mambo ambayo mwamuzi wa marudio ya video anaruhusiwa kuyaamua. Sheria imelifunga makusudi, kwa kuwa kosa hilo linategemea kupima kiasi cha mguso, nia na wakati, mambo ambayo picha ya mwendo wa polepole huyakuza kupita kiasi. Ligi ya kulipwa ya NFL ilijaribu kulifungua mwaka 2019, baada ya kosa la wazi kabisa kupita bila adhabu katika mchezo wa mchujo kati ya New Orleans Saints na Los Angeles Rams. Jaribio hilo lilidumu msimu mmoja tu na likaachwa. Sasa fikiria hali ya Austin: mlango ambao sheria imeufunga kwa mtu mwenye mitambo yote ya video mbele yake, mashabiki waliufungua kwa chupa za maji. Sisemi kwamba waamuzi wale walitazama skrini kubwa ya uwanjani, wala sidai kwamba waliogopa. Nasema kwamba shabiki wa Georgia hana njia yoyote ya kujua ni kipi kati ya hivyo kilichotokea, na hilo peke yake ni dosari kubwa katika kazi ya uamuzi.

Baadhi ya wachangiaji wamejibu kwa kutaja mchezo wa Colorado na Missouri wa tarehe 6 Oktoba 1990, wakisema kwamba bora waamuzi wanaojisahihisha kwa kuchelewa kuliko wale wasiojisahihisha kabisa. Mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unathibitisha kitu tofauti na wanachokusudia. Siku ile, mjini Columbia, Colorado walikuwa karibu na mstari wa Missouri, muda ukiwa unayoyoma, na namba kwenye nguzo ya pembeni inayohesabu majaribio haikubadilishwa baada ya jaribio la pili. Hesabu ikabaki nyuma kwa moja. Colorado wakaupiga mpira chini ili kusimamisha saa katika jaribio walilodhani ni la tatu, kumbe ni la nne na la mwisho, kisha wakapewa jaribio la tano ambalo sheria hailijui, na katika hilo mchezaji wao, Charles Johnson, akavuka mstari wa goli na kufunga. Mchezo ukaisha kwa pointi 33 kwa 31. Waamuzi wale walisimamishwa na ligi yao, lakini matokeo yalibaki, na mwisho wa msimu Colorado wakatajwa kuwa mabingwa katika kura ya waandishi wa habari, huku kura ya makocha ikiwapa Georgia Tech ubingwa.

Hilo lilikuwa kosa la hesabu, si la maoni. Mtu yeyote mwenye vidole vitano angeweza kulionyesha kabla mpira haujachezwa, na hakuna ambaye angemlaumu mwamuzi kwa kusimamisha mchezo ili kuhesabu upya. Kosa la hesabu lina jibu moja. Mguso kati ya mlinzi na mpokeaji una majibu mengi kadiri ya watazamaji, na ndiyo maana hauwezi kuachwa wazi mpaka kelele zitakapotulia. Anayeyaweka matukio haya mawili kwenye mizani moja anachanganya kitu kinachothibitika na kitu kinachopimwa kwa busara.

Tena, ukimtaja Colorado, ni haki umtaje na Cornell. Novemba 1940, Cornell, timu iliyokuwa haijafungwa katika michezo 18, ilikwenda Hanover kucheza na Dartmouth na kushinda kwa pointi 7 kwa 3 katika sekunde za mwisho. Filamu ya mchezo ilipooshwa na kutazamwa, ikaonekana kwamba pointi hizo zilipatikana katika jaribio la tano. Mwamuzi mkuu, Red Friesell, alikiri kosa lake. Hakuna sheria iliyokuwa ikiwalazimisha Cornell kufanya chochote, kwa kuwa mwamuzi akishatangaza mwisho wa mchezo, matokeo yanakuwa ya mwisho. Cornell wenyewe wakapeleka simu ya maandishi Hanover kuukabidhi ushindi, Dartmouth wakaupokea, na hadi leo mchezo huo umeandikwa 3 kwa 0. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha mahali hasa ambapo marekebisho nje ya utaratibu yanaweza kutoka bila kuuharibu mchezo: kwa aliyefaidika. Cornell walikuwa na kitu cha kupoteza, wakakitoa. Waliorusha chupa Austin walikuwa na kitu cha kupata, na wakakipata.

Msimamo huu una gharama, na sitaki kuificha. Ukishika utaratibu, mara nyingine utabaki na matokeo mabaya mikononi. Tarehe 31 Oktoba 2015, Miami waliifunga Duke 30 kwa 27 kwa kurudisha mpira wa mwisho kwa pasi nane za nyuma na pembeni. Marudio ya video yalichukua dakika kadhaa, utaratibu wote ukafuatwa, na bado uamuzi ukawa mbovu, kwa sababu goti la mchezaji mmoja wa Miami lilikuwa limegusa ardhi kabla hajauachia mpira. Ligi yao ya ACC ilikiri siku iliyofuata na kuwasimamisha waamuzi hao kwa michezo miwili, pamoja na yule wa video. Duke hawakurudishiwa chochote. Naielewa hasira yao, na nikiwaza kuhusu wachezaji wale, vijana waliokuwa wamekwisha kuongoza zikiwa zimebaki sekunde 6, naona uchungu ambao hakuna taarifa ya ligi inayoweza kuufuta. Hata hivyo, Duke walijua ni nani aliyekosea, alikosea wapi, na kwa sheria ipi. Jina la kosa lilikuwepo kwenye karatasi. Kuhusu Austin, tumeambiwa kwamba jibu la mwisho lilikuwa sahihi. Hatujaambiwa ni mwamuzi gani alimwambia nini mwenzake, wala kwa nini maneno hayo hayakusemwa kabla ya chupa ya kwanza kuanguka.

SEC iliitoza Texas faini ya dola 250,000 na kuiagiza iwatambue waliorusha vitu na kuwazuia kuingia michezoni kwa muda uliobaki wa mwaka wa masomo wa 2024-25. Adhabu hiyo ilistahili. Lakini faini inalipwa na chuo, ilhali mpira ulibaki kwa timu, na shabiki anayekaa jukwaani akiwa na chupa mkononi anaona vizuri kabisa kipi kati ya hivyo viwili kinamgusa.

Kuna wanaosema kwamba hofu hii ni ya bure, kwamba waamuzi ni watu wazima na hawatishwi na kelele. Ningependa wakumbuke yaliyotokea mwaka 2006 baada ya Oregon kuifunga Oklahoma 34 kwa 33 mjini Eugene, katika mchezo ambao mchezaji wa Oregon aliugusa mpira wa kuanzishia kabla haujasafiri yadi 10 na kosa hilo likapita hata baada ya marudio. Mwamuzi wa video wa mchezo ule alipokea vitisho vya kuuawa. Wengi wa watu hawa wana kazi nyingine katikati ya wiki, na Jumamosi wanaingia katikati ya umati wa watu wapatao laki moja. Mtu anayejua kwamba simu ya nyumbani kwake inaweza kulia usiku hapaswi kuachwa kwenye nyasi, akizungukwa na takataka zilizorushwa kwa sababu yake, aamue kama atabadili neno alilokwisha kulitamka. Kumwekea mpaka ni kumlinda yeye kabla ya kuilinda timu yoyote.

Ninachopendekeza, na ningefurahi kuona wasomaji wengine wakikijadili, ni kifungu kifupi katika kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani: adhabu ikishatangazwa na mchezo ukasimama kwa sababu ya fujo za watazamaji, uamuzi huo usibadilishwe isipokuwa kwa jambo ambalo marudio ya video yanaruhusiwa kuliamua, au kwa kosa la hesabu ya majaribio, saa au umbali. Pamoja na hilo, mwamuzi mkuu anapookota kitambaa kilichokwisha kutangazwa, aeleze kwa kipaza sauti ni mwenzake yupi aliyeona tofauti na aliona nini. Kipaza sauti anacho tayari kiunoni, na maelezo hayo hayachukui zaidi ya sekunde 20.

Kanuni hii ingekuwepo tarehe 19 Oktoba, Barron angenyimwa mnyako aliostahili, na ningeandika barua hii nikisikitika kwa ajili yake. Ningeiunga mkono hata hivyo.

Wako mtiifu,
Msomaji wa kurasa za michezo