Kopo la mpiga ngoma wa Mwanjelwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi si mtu wa kalamu. Nimeuza uji na chapati Mwanjelwa, hapa Mbeya, tangu nikiwa msichana hadi soko la zamani lilipoungua mwaka 2006, na baada ya hapo nikaendelea kuhangaika pembezoni hadi magoti yalipokataa. Anayeandika ni mjukuu wangu, ila maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Yeye ndiye chanzo. Juzi alinijia na simu yake akasema, "Bibi, njoo uone kituko." Nikaona picha ya mzungu mwenye ndevu hadi kifuani, kajitanda joho, kichwani kofia yenye pembe mbili kama fahali, mkononi mkuki, kasimama kwenye kona ya barabara mjini New York. Nikajua ni mchekeshaji. Mjukuu akaanza kunisomea. Kumbe ni mpiga ngoma, na kumbe haoni.

Jina alilopewa na wazazi ni Louis Hardin, lakini mwenyewe alijiita Moondog, kwa ajili ya mbwa wake wa zamani aliyekuwa akiulilia mwezi. Alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1916. Alipokuwa na miaka 16 aliokota kifaa cha kulipulia baruti, akakichezea, kikamlipukia usoni. Macho yakaishia hapo. Mwaka 1943 akaingia New York, na kwa miaka mingi kituo chake kikawa Barabara ya Sita, katikati ya maghorofa ya wenye pesa, akipiga ngoma ya pembetatu aliyoibuni mwenyewe, mkono mmoja manyanga, mwingine kijiti. Aliuza mashairi yake na karatasi za muziki wake kwa wapita njia. Wengi walimwona kichaa. Wachache walijua kwamba yule mtu wa pembe alikuwa akitunga muziki wa okestra kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona, na kwamba mwaka 1954 alimshtaki mtangazaji mashuhuri wa redio aliyetumia jina lake, akamshinda mahakamani. Mwaka 1969 kampuni ya muziki ya Columbia ikatoa santuri yake.

Yote hayo nilisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za mbali. Kilichonifanya niache kuchambua mchele ni hiki: alipokuwa mtoto, baba yake alimpeleka kwenye ngoma ya Waarapaho, wenyeji wa kule, na chifu wao akampakata akamwachia apige ngoma ya ngozi ya nyati. Mapigo yale, alisema baadaye, hayakumtoka tena. Nikamwambia mjukuu, hapo sasa tunaongea lugha moja.

Maana sisi tulikua na mpiga ngoma asiyeona nyumbani kwetu kila jioni. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Baba alikuwa na redio ya mkulima, betri zake tulizianika juani zikichoka, na ikikaribia saa mbili usiku ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu mmoja, ngoma nyingi kwa wakati mmoja, macho hayaoni, na nchi nzima inanyamaza. Sisi watoto tulipiga masufuria kumfuatisha hadi tunachapwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mpiga ngoma ni kituko cha barabarani, huwa namtazama tu.

Sasa nifike nilikotaka kufika, Mhariri.

Mwanjelwa ilikuwa na mpiga ngoma wake. Aliona vizuri tu, tena aliniona mimi kabla sijamwona. Ilikuwa Juni, na anayeijua Mbeya anajua asubuhi za Juni zilivyo. Maji ya kunawa yanauma vidole. Nilikuwa nimewasha jiko, uji bado haujachemka, nikasikia mtu ananiambia, "Binti yangu, ngoma yangu inaona baridi." Nikageuka. Mzee mwembamba, koti la mtumba limemzidi, kapakata ngoma kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akachuchumaa kwenye jiko langu bila kusubiri jibu.

Ngozi iliyolala kwenye baridi hulegea. Ukiipiga inasema bu, bu, kama gunia. Yeye aliizungusha mbele ya mkaa, mbali kidogo, si juu ya moto, maana ikizidi hupasuka na ng'ombe mwingine hana. Kila baada ya muda anaigonga kwa kidole cha kati, anasikiliza, anaizungusha tena. Bu ikawa du. Du ikawa ti. Ikifika ti anainuka, anasema "Ndaga," yaani asante, anaenda zake upande wa daladala. Baada ya mwezi mmoja masikio yangu yalikuwa yamejua. Nikawa namwambia mimi, "Babu, imeiva," kama chapati.

Alikuwa na tabia ya kuwaibia makonda. Konda anaita "Uyole-Uyole-Uyole," babu anaichukua ile ile na kuirudisha kwenye ngozi, konda anaanza kuita kwa madaha, abiria wanacheka, gari linajaa. Wa Mbalizi wakaja kulalamika kwamba wao hawapigiwi. Na lilikuwepo duka ng'ambo ambalo mwenyewe alimpa noti anyamaze. Babu akaipokea kwa mikono miwili, akaja kwangu akala chapati mbili na uji, akarudi kupiga. Alisema pesa ya kunyamaza imeisha. Yule bwana leo angeona maduka yetu, kila mlango una spika imewekwa mdomo barabarani, inarudia bei ya viatu kuanzia asubuhi hadi usiku, sijui angetoa noti ngapi.

Siku nyingine walikuja vijana wenye virungu, sitasema wametumwa na nani, wakamwambia anaziba njia. Akasogea hatua moja. Wakasema bado. Akasogea nyingine. Ikawa hivyo hivyo hadi akawa ameingia ndani ya banda langu, mgongo umegusa gunia la mkaa, na hapo wakakosa la kusema kwa sababu bandani nalipa ushuru mimi. Tangu siku hiyo ngoma ikawa inalala kwangu, chini ya meza, pamoja na kopo lake la sadaka. Asubuhi anaikuta karibu na jiko. Ilikuwa raha kwake, na sisemi uongo, ilikuwa raha kwangu pia. Kabla hajafika nilikuwa naigonga kidogo.

Kisha soko likaungua.

Sitaeleza moto. Walioungua wanajua, wasioungua walishasimuliwa. Nilifika nikakuta mabati yamejikunja kama majani ya mgomba, na pale lilipokuwa banda langu pakawa pana majivu na sufuria mbili zilizoyeyuka midomo. Nililia uji wangu, nililia mkopo wa kikundi, nililia unga. Ngoma sikuikumbuka, Mhariri. Nilikumbuka siku ya pili, alipotokea babu kati ya watu waliokuwa wakifukua, na koti lake lile lile. Akasimama nilipo. Akatazama chini ilipokuwa meza. Ngoma ilikuwa ya mti, ngozi ya ng'ombe, vigingi vya mti. Moto haukubakisha hata msumari wa kuonyesha. Sikumwambia pole. Nilikuwa na mambo yangu. Yeye ndiye aliyeniambia pole, akanipa mkono, akaondoka kuelekea Kabwe.

Sijamwona tena.

Mjukuu aliposoma habari ya mzungu hadi mwisho, nilimwomba arudie sehemu moja. Mwaka 1974 Moondog alitoweka kwenye kona yake, na watu wa New York wakasema kafa. Kumbe yuko Ujerumani. Familia ya huko ilimchukua wakampa kitanda, binti wao akawa anamwandikia muziki wake kutoka kwenye nukta nundu, naye akatunga tena miaka 25. Mwaka 1989 alirudi New York mara moja, safari hii akisimama mbele ya okestra. Alifariki Münster tarehe 8 Septemba 1999. Nikahesabu: jina alilopewa na mama na baba najua sasa, mahali alipozaliwa najua, hata siku aliyokufa. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Uyole.

Na yule aliyekunywa uji wangu miaka kama tisa nilimwita Babu. Nilijua hapendi sukari nyingi. Nilijua Kinyakyusa alikisema na Kisafwa alikisema, na akichoka mikono hurudi kwenye mapigo ya ngoma ya mganda, ndiyo maana nilidhani kwao ni huko ziwani, upande wa Nyasa, lakini kudhani si kujua. Jina sikuuliza. Kwetu mkubwa hasemwi jina lake hovyo, na huo ndio ukawa uvivu wangu nilioupa heshima.

Kwa hiyo ombi langu si sanamu, wala si jina la mtaa. Kama kuna msomaji, konda wa zamani, mpagazi, mama aliyeuza ndizi mlango wa chini, mtoto wa yule bwana wa noti ya kunyamaza, anayejua mzee yule aliitwa nani na alizikwa wapi au anaishi wapi, aandike hapa hapa gazetini. Angekuwa na umri wa kupita 90 sasa. Najua hesabu yenyewe haikubali. Lakini wale wa New York nao walikuwa na uhakika.

Kopo lake ninalo. Lilikuwa la maziwa ya unga. Moto ulichoma maandishi yote, likabaki jeusi na limepinda upande mmoja, nimelitumia kuwekea vifungo. Kama kuna ndugu yake atakayekuja kulichukua, atalitambua kwa tundu la msumari katikati ya kitako. Alilitoboa mwenyewe nikimtazama, kwa jiwe, masika moja, ili mvua ikinyesha sarafu zisielee.

Nikamwambia, Babu, sarafu hazielei. Akasema, "Hujawahi kuona za kwangu."

Ni mimi,
Muuza uji wa zamani,
Mwanjelwa, Mbeya