Walatino hawajahama, wako barazani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapisha juu ya wapiga kura wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwandishi wenu alihitimisha kwamba watu hao sasa wamehamia chama cha Republican, na mwanzo hadi mwisho aliwaita Wahispania. Hilo la pili ni dogo, ingawa linakera: Mhispania ni mtu wa Hispania, na hawa tunaoishi nao hapa Houston hujiita Walatino, Wameksiko au Watejano (wenyeji wa Texas wenye asili ya Meksiko), kutegemea umemuuliza nani. Hilo la kwanza ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Takwimu alizozitumia si za uongo. Kituo cha utafiti cha Pew, ambacho hulinganisha majibu ya watu na kumbukumbu za waliopiga kura kweli, kilionyesha kwamba mwaka 2020 Joe Biden wa chama cha Democratic alipata asilimia 61 ya kura za Walatino na Donald Trump wa Republican 36, ilhali mwaka 2024 Kamala Harris wa Democratic alipata 51 na Trump 48. Katika kaunti ya Starr, kusini mwa Texas kando ya mto Rio Grande ulio mpakani na Meksiko, ambako karibu wakazi wote ni Walatino, Hillary Clinton wa Democratic alizoa asilimia 79 mwaka 2016. Miaka minane baadaye Trump alishinda kwa takriban 58, jambo ambalo hakuna mgombea urais wa Republican aliyelifanya pale tangu 1892. Lakini mtu aliyetoka nyumba moja si lazima awe amehamia nyingine. Huenda yuko barazani tu, anasikiliza.

Makala ilishangaa pia kwamba wahamiaji wanaweza kumpigia kura mtu anayeahidi kuwafukuza wahamiaji. Anayepiga kura ya urais ni raia, na wengi wa raia hao wamezaliwa humu humu. Zipo familia za bonde la Rio Grande zilizokuwapo kabla ya mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko na kuufanya mto huo kuwa mpaka, na wenyewe husema kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Vijana wao huajiriwa kwenye visima vya mafuta, na hata kwenye doria ya mpakani, ambako karibu nusu ya askari ni Walatino. Mfumuko wa bei ulipofika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, wao walikuwa wakilipia petroli na mayai kama kila mtu, na aliyekuwa White House ni Mdemokrati.

Juu ya hayo kuna deni la zamani. Mwaka 2008 Barack Obama aliahidi kwamba mageuzi ya sheria za uhamiaji yangeshughulikiwa katika mwaka wake wa kwanza, na mwaka huo ukapita hivi hivi. Kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa kwa vijana walioletwa nchini utotoni bila vibali, iitwayo DACA, ilikuja 2012; muswada mpana ulipita Seneti mwaka uliofuata, ukafia katika Baraza la Wawakilishi lililokuwa mikononi mwa Republican. Republican nao, waliokuwa na sifa ya rais wao Ronald Reagan kutia saini sheria ya 1986 iliyowahalalisha wahamiaji takriban milioni 2.7 wasio na vibali, waliipoteza California baada ya Pendekezo la 187, lililopigiwa kura na wakazi wa jimbo hilo mwaka 1994, ambalo lilitaka kuwanyima wasio na vibali shule na matibabu ya umma.

Nitoe mfano wa karibu. Oktoba 2024 kijana wa kampeni aligonga mlango wa jirani zangu, nami nilikuwa nimekaa nao. Alimkabidhi mjukuu wa nyumba ile kipeperushi cha Kihispania. Mjukuu alikigeuza huku na huku, akampa bibi yake, kwa sababu yeye lugha hiyo anaielewa ikisemwa lakini haisomi. Bibi alikisoma chote bila haraka, kisha akauliza swali moja tu: je, Januari utapita tena? Kijana alicheka, akasema kazi yake inaisha Novemba. Mjukuu alimpigia Trump, bibi alimpigia Harris, na hakuna kati yao aliyeniambia kwamba anakiamini chama alichokipigia.

Ndiyo maana sikushangaa Novemba 2025, pale kaunti ya Passaic huko New Jersey, yenye Walatino wengi, ambayo Trump aliishinda mwaka mmoja tu kabla, ilipompa kura Mikie Sherrill wa Democratic kuwa gavana. Kwa hesabu ya mwandishi wenu, watu wale watakuwa wamehama mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili.

Uchaguzi wa Bunge la Marekani wa Novemba 2026 utakapowafikisha tena kwenye habari hii, ninaomba mtenganishe matokeo kwa kaunti na kwa asili. Mkuba wa Miami ambaye wazee wake walimkimbia Castro, Mpuerto Rico ambaye ni raia tangu kuzaliwa, na Mmeksiko wa Starr hawana sababu ya kuwekwa kwenye safu moja ya jedwali.

Msomaji wenu,
Houston, Texas