Somo, mtepe si jahazi

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Huku kwema, wazee wazima, kaskazi imeshaanza. Salamu zenyewe zitakuja chini karatasi ikibaki, maana leo nina haraka. Maalim ameniletea yale maandishi yako ya ubao wa historia ya kijiji chetu cha Matondoni, na mchoraji anakuja Ijumaa. Rangi ikikauka hatutaweza kufuta.

Mwanzo umeuweka sawa: kijiji kiko kisiwa cha Amu, yaani Lamu, upande wa magharibi, kimegeukia mikoko na bara. Tatizo ni mstari wa tatu: "Tangu kale mafundi wa Matondoni hushona majahazi." Hakuna jahazi la kushonwa, somo! Kilichoshonwa ni mtepe, chombo cha Wabajuni wa visiwa hivi, na Faza kule Pate kilijulikana sana. Mbao zilitobolewa kingoni, zikafungwa kwa kamba za makumbi, kisha kila tundu likazibwa kwa kijiti. Tanga lilikuwa la mraba, la mkeka, na chombo kizima hakina msumari hata mmoja. Sifa yake ni kwamba mshono unalegea kidogo, kwa hiyo kikipwelewa mchangani hakipasuki. Aibu yake ni hiyohiyo: mshono unaolegea unavuja, na mabaharia hawakupumzika kufua maji, yaani kuyachota nje. Miongo ya mwanzo ya karne iliyopita mtepe ukatoweka. Jahazi ni chombo cha misumari na tanga la pembe tatu. Ukivichanganya, watoto wa shule watabeba kosa hilo hadi mtihanini.

Halafu umesema jahazi "hujengwa kwa mbao za mikoko". Hapa nimekaa sana. Mkoko hautoi mbao, unatoa mataruma, zile mbavu za chombo. Fundi huweka mkuku kwanza, uti wa mgongo wa chombo, akasimamisha mti wa omo mbele na mti wa tezi nyuma, akapanda mbao za chini kabisa, ndipo anapoanza kutafuta mataruma. Hachongi pinde kutoka gogo lililonyooka, kwa sababu nyuzi za mti zikikatwa taruma huvunjika palepale kwenye pindo. Anaingia kokoni, kwenye msitu wa mikoko, maji yakipwa, anatazama mlilana, aina ya mkoko, mmoja mmoja, mpaka aone tawi ambalo limejipinda lenyewe kama tumbo la chombo. Ramani ya chombo haiko kwenye karatasi, iko machoni mwake. Mbao za ubavuni ni habari nyingine: mbambakofi ikipatikana, mwembe, mfuko ukiwa mwepesi. Mbambakofi hukaa miaka. Mwembe huoza upesi, lakini unapindika bila ugomvi.

Ndiyo maana nasema historia ya kijiji hiki uifuate kokoni kabla ya kuifuata kwa masultani. Majahazi yalijengwa kubeba boriti za mikoko kwenda Uarabuni na Ghuba. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, na chombo kikubwa kikakosa mzigo. Mwaka 2018 ukataji miti ukasimamishwa nchini, mikoko ya Lamu ikaingia humohumo, na safari hiyo aliyekosa alikuwa fundi mwenyewe, taruma hakuwa nalo. Miaka hiyo miwili iandike ubaoni. Vita vya Shela, vile vya kale vya Amu na Pate, viache, vina wasimulizi tele.

Kalafati nayo umeipa maneno manne, "huziba nyufa kwa pamba". Ongeza kidogo. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, kisha hugongwa ndani ya mwanya kwa patasi butu. Mwenye pupa huishindilia sana mbao zikiwa kavu. Chombo kikishuliwa mbao zinavimba, pamba inatemwa au msumari unang'oka, na lawama anapewa mwenye mbao. Msumari nao hutanguliwa na keekee, kifaa cha kutobolea, kinachoacha tundu jembamba kuliko msumari, na chini ya kichwa husokotewa pamba maji yasipite. Kutu ikishaingia hapo, hula mti kuzunguka msumari, na mbao nzima inacheza. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, yaani chokaa na shahamu, baada ya chombo kupigwa moto wa makuti ili wadudu watobozi wafe. Juu ni sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake usiitaje, wageni watakimbia.

Uvuvi umeumaliza kwa "wanaume huvua samaki". Basi taja hata madema, mitego ile ya kusukwa, nyavu na mshipi, na useme kusi ikikaza watu huvua ndani, nje ya miamba hungoja kaskazi. Na kina mama je? Mikeka na makuti ya Matondoni yanasomesha watoto wengi, nawe hukuwapa hata nusu mstari. Shemeji akisoma, mimi simo.

Narudi kwa mtepe, nivumilie. Ukiona lazima utajwe, uutaje kama babu wa vyombo vya hapa, kisha upite. Yule fundi wa Kipungani ameniambia... la, hilo tutazungumza tukionana, si la karatasi.

Sasa nijibu upesi. Huyo mchoraji anajua foromali, mti unaobeba tanga, hukaa upande gani wa mlingoti, au atatuchorea bendera? Ubao utakuwa kwa Kiamu au Kiswahili cha shule? Boti za faiba tuzitie au tuzinyamazie, maana vijana wengi sasa wanazitaka, hazina kalafati? Rangi nani analipa? Na mguu wa shangazi umepoa? Karatasi iko kwa Maalim, mistari niliyoitia wino mwekundu ndiyo ya kufutwa. Akipita Alhamisi na boti ya asubuhi, mpe majibu mkononi.

Wasalaam,
Somo yako