Redio zenu hazisikizani? Tazameni fimwea kwanza

Nahodha mmoja wa pale Deep Sea aliingia dukani kwetu Ngamiani, Tanga, akatua kifaa juu ya meza. "Fundi, mmeniuzia jiwe."

Tulikuwa tumemuuzia redio mbili ndogo za LoRa, zile za kutumiana ujumbe mfupi kwa mbali bila mtandao wa simu, na mpwa wake akaja na ya tatu kutoka Dar es Salaam. Zote ni za aina ya Heltec V3, sura moja, antena moja. Mbili zinaandikiana bila shida. Ya tatu kimya, hata ukiilaza ubavuni mwa wenzake.

Kifaa hakikuwa na ubovu wowote. Mbili zilikuwa na Meshtastic, ya tatu ina MeshCore. Hizo ni fimwea mbili, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiongoza, na hazielewani hata mkiziweka kwenye masafa yale yale ya redio. Tukaiflashi ile ya tatu, yaani tukaibadilishia fimwea, nahodha akaondoka anacheka. Tangu siku hiyo kabla ya kuuza tunauliza: wenzako wanatumia ipi? Ukishakuwa na jibu, chukua hiyo hiyo, ubishi umekwisha.

Mwenye kazi ya kuchagua ni yule anayeanza na kundi jipya. Kwake tuna swali jingine: mna mahali pa juu, pasipohama, na mtu wa kupatunza?

Kama hamna, chukueni Meshtastic. Ilianza mwaka 2020, na ndani yake kila kifaa kikisikia ujumbe huurudia ili wa mbali naye aupate, kila kurudiwa tunakuita mruko: kwa kawaida miruko 3, na mwisho wake ni 7. Mashua nne zilizotawanyika upande wa kisiwa cha Yambe zinabebeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Tena kifaa chenye GPS hutuma mahali kilipo kila baada ya muda, mkaonana kwenye ramani ya simu. Hilo, kwa tunavyoona, wake za wavuvi wamelipenda kuliko wavuvi.

Gharama yake ni msongamano. LoRa ni ya polepole, ujumbe mmoja hauzidi herufi mia mbili na ushei, na vifaa vikiwa vingi vinaanza kukatizana. Na hapa watu wanajiharibia wenyewe: kila mmoja anajipa cheo cha Router akidhani ndiyo nguvu. Router huwahi kurudia, na wengine wakiisikia hunyamaza. Sasa kama router yenyewe imo mfukoni mwa mtu aliyekaa barazani anacheza bao, imekula mruko mmoja bure, na kifaa kilichoko juu ya ghorofa kimenyamaza kwa heshima. Kibakizeni kifaa kwenye cheo cha kawaida, Client.

MeshCore haiendi hivyo. Kifaa cha mkononi hakirudii ujumbe wa mtu. Kazi hiyo ni ya ripita, iliyofungwa mahali pake. Ujumbe wako wa kwanza kwa mtu husambaa kote, njia ikishapatikana unaofuata hupita njia hiyo tu. Kuna pia chumba cha ujumbe: aliyezima kifaa akiwasha anayakuta yaliyosemwa. Shamba la mkonge lenye ofisi, ghala na mnara wa maji, sisi tunaliwekea hii. Lakini ripita ikizimika na hakuna nyingine karibu, basi tena. Kama hakuna wa kupanda kufuta vumbi kwenye paneli ya sola, usijidanganye.

Kimo ndicho kinachonunua umbali, kuliko fimwea yoyote. Baharini, antena mbili zilizo mita 1.5 juu ya maji zinaonana hadi kama kilomita 10, kisha dunia yenyewe inajipinda katikati yao. Inua moja ifike mita 10, mnapata kama 18. Mikoko na nyumba za mjini zinapunguza, wakati mwingine vibaya sana.

Ripita ya sola usiifunge kwenye Heltec V3. Chipu yake ya ESP32 inakula chaji. Nunua kifaa chenye chipu ya nRF52840, mfano RAK4631, kinachotumia umeme kidogo zaidi kwa mbali. Fimwea zote mbili zinaingia humo.

Kuna mambo hata tukiflashi mara mia hayabadiliki. Bodi ya 433 MHz haigeuki ya 868. Redio hizi hazichukui nafasi ya VHF chaneli 16, ile redio ya kuitia msaada baharini, mashua ikipata ajali. Na usiwashe kabla ya kufunga antena, utaunguza sehemu ya kurushia mawimbi. Kwenye Meshtastic, usipochagua eneo la dunia ulipo kwenye mipangilio, kifaa hakirushi kitu. Na chaneli inayokuja nayo ina ufunguo wa siri unaojulikana dunia nzima, kwa hiyo bei ya samaki msiiandike humo. Kabla ya kupandisha ripita juu, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa na nguvu inayoruhusiwa.

Mkija, njooni na vifaa vyote pamoja, siyo kimoja leo kingine Ijumaa. Tanga tumezoea waja leo waondoka leo, lakini ufunguo wa chaneli ukikosewa herufi moja, mtarudi na lile jiwe.