Makochi ya zamani tusiyaache yaoze

Mhariri, naomba nafasi. Huku Kirumba na Nyakato mtu akinunua makochi mapya yale ya zamani anayatoa nje yananyeshewa mpaka mbao zinaoza, na jirani yake analala kwenye mkeka, inauma sana. Uingereza kuna maduka ya hisani, shirika la misaada la Oxfam wanayo tangu miaka ya 1940, unapeleka kabati lako linauzwa bei poa hela inasaidia wahitaji, ila sofa wanataka liwe na lebo ya usalama wa moto. Sisi tuanze hata na stoo moja ya msikiti au kanisa jamani. Ila tusipelekeane kunguni, kitanda kikaguliwe vizuri kwanza, chaga ikikatika fundi wa mtaani aweke nyingine. Meza yangu ipo tayari, natafuta mwenye guta tu.

Msomaji, Mwanza